Kulenga Si Kufuma, Lakini Kila Mtu Apewe Nafasi ya Kulenga

Mwezi ujao kamati ya klabu yetu itaamua kama tutashiriki tena katika jioni ya pamoja na klabu ya shabaha ya chuo. Wengi wenu mnaijua jioni hiyo. Wao huja kwetu kula pilau na kujifunza maamkizi, nasi huenda kwao kujaribu bunduki za upepo. Ni jioni yenye vicheko vingi, na wapo wanachama waliojiunga nasi kwa sababu yake.

Mwaka jana wenzetu wawili waliimaliza jioni hiyo kwenye benchi. Mmoja hutumia kiti cha magurudumu. Mwingine ana ualbino na macho yake hayaoni mbali. Hakuna aliyewatolea neno baya. Waliambiwa kwa upole kwamba bunduki ni nzito na shabaha iko mbali, kisha wakaombwa wawapige wenzao picha. Ndiyo, hata yule asiyeona mbali alikabidhiwa simu apige picha.

Tangu siku ile maoni yamegawanyika. Wako wanachama wanaosema tusirudi tena kule. Wako wanaosema jambo dogo lisikuzwe, kwani wenyeji wetu ni wanafunzi kama sisi, wanajitolea, na hawakuwa na nia mbaya. Sisi watatu tunaoandika hapa, ambao wazazi wetu wametoka Tanga, Mombasa na Bukavu, hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Tunasema twende, twende sote, na kabla ya kwenda tukubaliane na wenyeji jinsi mgeni wa mara ya kwanza atakavyopokewa na kufundishwa. Tutaeleza kwa nini, na kwa njia gani.

Tuanze na dhana iliyowaweka wenzetu benchini: kwamba kulenga shabaha ni mchezo wa watu wenye viungo kamili, na mwingine yeyote akiucheza anafanyiwa hisani. Historia ya nchi hii tunayoishi inakataa. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 waliojeruhiwa vitani walishindana kwa upinde na mishale katika viwanja vya hospitali ya Stoke Mandeville, Buckinghamshire. Wote walikuwa kwenye viti vya magurudumu. Aliyeandaa mashindano hayo alikuwa daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939 na kupata hifadhi hapa Uingereza. Kutokana na mashindano hayo madogo ndipo ilipokuja kuzaliwa Michezo ya Paralimpiki. Kwa hiyo mchezo wa kwanza kabisa wa safari hiyo ndefu ulikuwa kulenga. Waliouanza hawakuwa wageni wa kuombewa nafasi, walikuwa wenye mchezo.

Majira hayohayo ya joto, katika Olimpiki yenyewe ya London, Mhungari Károly Takács alishinda dhahabu ya bastola. Mkono wake wa kulia, aliokuwa akiutumia kulenga, ulikuwa umeharibiwa na bomu la mkono mwaka 1938. Alijifundisha upya kwa mkono wa kushoto, na mwaka 1952 huko Helsinki akashinda tena.

Mifano ya karibuni ipo. Abdulla Sultan Alaryani wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo baadhi yetu tuna ndugu wanaofanya kazi, hulenga bunduki akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na ana dhahabu za Paralimpiki za London 2012 na Tokyo 2020. Mmarekani Matt Stutzman, aliyezaliwa bila mikono, hushika upinde kwa mguu. Alipata fedha London na dhahabu Paris 2024. Huko Paris pia msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 17, Sheetal Devi, ambaye naye hana mikono, alipata medali ya shaba.

Lakini hapa tunaomba tahadhari. Hadithi za mabingwa ni tamu, na zina hatari yake. Ukimwambia mwenzako, “Tazama, yule hana mikono na amepata dhahabu,” unaweza kuwa unamwekea sharti jipya: akubalike akiwa wa ajabu tu. Sisi tuliosimama ukumbini mwaka jana hatukuwa wa ajabu. Risasi zetu nyingi zilipita kando ya karatasi, tukacheka, tukajaribu tena. Wahenga walisema kulenga si kufuma. Haki tunayoidai ni ya kulenga na kukosa kama wengine.

Sasa tuangalie mchezo wenyewe unadai nini. Bunduki ya upepo hulengwa umbali wa mita 10. Katika shabaha ya kimataifa, nukta ya katikati yenye alama 10 ina upana wa nusu milimita tu. Kwa nukta ndogo hivyo, misuli haisaidii sana. Kinachotakiwa ni mwili uliotulia, pumzi inayotolewa polepole hadi ifike kwenye kituo chake cha kawaida, na kidole kinachobonyeza kifyatuo taratibu bila kukivuta kwa ghafla. Baada ya mlio, mlengaji hukaa vilevile kwa muda mfupi, hainui kichwa kutafuta matokeo. Mambo hayo yote anaweza kujifunza mtu aliyekaa.

Uzito ni kikwazo pale tu tunapomtaka mtu abebe bunduki kwa mikono yake. Mchezo wenyewe umeshalijibu suala hilo kwenye kanuni zake. Katika mashindano ya walengaji wenye ulemavu, kuna kundi liitwalo SH1 la wanaoweza kuubeba uzito wa silaha, na kundi liitwalo SH2 la wanaolenga bunduki kwa kutumia kitegemeo kwa sababu mikono yao haiwezi kuubeba. Wa SH2 wanaweza pia kuwa na msaidizi wa kuwapakilia risasi. Kitegemeo hakimlengei mtu wala hakimbonyezei kifyatuo. Kinabeba kilo tu.

Na macho je? Hata hilo lina jibu. Wasioona, na wenye uoni hafifu, hulenga kwa sikio. Kifaa cha kielektroniki huwekwa juu ya bunduki, na mlengaji huvaa spika za masikioni. Kadiri bunduki inavyokaribia katikati ya shabaha, mlio hubadilika, naye huufuata mpaka autulize pale panapotakiwa. Kuna mashindano ya kimataifa ya aina hii. Kifaa hicho ni ghali na klabu ndogo haiwezi kukinunua kesho. Lakini mwenye ualbino mara nyingi husumbuliwa na mwanga mkali pamoja na macho yanayochezacheza, na hayo mawili yana msaada wa bei nafuu: kofia yenye ukingo, taa iliyopunguzwa makali upande wake, karatasi ya shabaha yenye duara kubwa jeusi, na mtu wa pembeni wa kumwambia risasi imepiga wapi. “Juu kidogo, kulia.” Kwa maneno hayo tu mtu anaweza kujirekebisha.

Sasa tufike kwenye hoja yetu kuu, nayo inahusu mpangilio wa somo. Mwaka jana wageni wote tulianza kwa kusimama, tukiwa tumebeba bunduki wenyewe, kwa sababu hivyo ndivyo wenyeji wanavyoshindana. Aliyeshindwa kusimama akawa ameshindwa kuanza. Tunapendekeza kinyume chake: wageni wote waanze wamekaa mezani, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga au kitegemeo. Wote, hata yule mcheza mpira wa kikapu. Kisha anayetaka kusimama asimame baadaye, na asiyetaka au asiyeweza aendelee alipo.

Faida ya mpangilio huo haiishii kwa wenye ulemavu. Mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza ana mambo mengi ya kukumbuka: wapi aweke shavu, jicho lipi litumike, kidole kikae wapi mpaka amri itolewe. Ukimwongezea kilo nne au tano mikononi, hakumbuki hata moja. Mezani atajifunza kulenga kwanza na kubeba baadaye. Mwalimu naye hupata nafasi ya kuona kosa liko wapi, maana bunduki haiyumbi kwa uchovu. Zaidi ya yote, hakuna atakayetengwa pembeni apewe “kitu maalumu” huku wengine wakimtazama. Meza itakuwa ya kila mtu.

Kwa msingi huo, tunaiomba kamati ipeleke kwa wenyeji wetu mambo manne.

La kwanza, kila mgeni aulizwe mapema, katika fomu ya kujiandikisha, swali moja: “Je, kuna jambo ungependa tuliandae ili ulenge kwa raha?” Wasiulize mtu ana ugonjwa gani. Ulemavu mwingi hauonekani kwa macho: kuna mwenye mikono inayotetemeka, kuna anayechoka haraka, kuna mwenye maumivu ya mgongo yanayokuja na kuondoka. Anayejua mwili wake ni mwenyewe.

La pili, ziandaliwe meza mbili zinazoweza kupandishwa na kushushwa, na nafasi ya kupitisha kiti cha magurudumu mpaka kwenye mstari wa kulengea. Magoti yaingie chini ya meza, breki zifungwe, na mwenye kiti aamue mwenyewe kiti kikae kwa pembe gani. Mto laini wa kiti huweza kumyumbisha, kwa hiyo apewe muda wa kutafuta mkao. Na kwa kuwa kukaa muda mrefu bila kujiinua huweza kuumiza ngozi ya asiyekuwa na hisia miguuni, zamu yake ipangiwe mapumziko.

La tatu, amri zote za ukumbini zionekane na pia zisikike. Amri ya kusitisha kulenga ni ya usalama, na haitoshi kuipiga kwa sauti tu. Taa nyekundu mbele ya walengaji itamfaa kiziwi, na pia itamfaa yeyote aliyeziba masikio. Mwalimu aongee akiwa amemgeukia mwanafunzi, si akiwa nyuma ya kisogo chake. Na asimguse mtu anayelenga, iwe kumrekebisha kiwiko au bega, mpaka amwombe ruhusa na waelewane kuhusu ishara.

La nne, muda. Kila mgeni apigwe hesabu ya risasi tano kwa zamu kisha apumzike, na asifukuzwe na saa. Ikibidi wageni wapunguzwe kutoka 30 hadi 20 kwa jioni moja, na ziwe jioni mbili.

Tunajua majibu yatakayokuja. La kwanza litakuwa usalama. Tunakubali kwamba usalama hauna mjadala: mdomo wa bunduki uelekee kwenye shabaha wakati wote, kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka mtu awe tayari kulenga, na bunduki isiyotumika iachwe wazi na ionekane haina risasi. Lakini bunduki iliyolala juu ya mfuko wa mchanga, ikiwa na mwalimu pembeni, si hatari kuliko ile iliyo mikononi mwa kijana mwenye nguvu anayegeuka nyuma kuwachekea rafiki zake. Kama ipo hali ambayo kweli haiwezi kufanywa salama, na ielezwe kwa mhusika waziwazi baada ya kujaribu kutafuta njia, si kabla.

La pili litakuwa usawa: kwamba anayetumia kitegemeo amerahisishiwa. Katika mashindano ndiyo maana kuna makundi. Katika jioni ya wageni hakuna kombe. Anayesikitika kwamba jirani yake ametumia mfuko wa mchanga, naye auombe.

La tatu ni gharama. Mifuko ya mchanga, kofia na taa nyekundu si vitu vya kuvunja mfuko wa klabu. Meza za kupandishwa chuo kinazo katika madarasa kadhaa. Ni suala la kuziomba. Tena Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ya nchi hii inavitaka vyuo vifikirie marekebisho mapema, visisubiri mpaka mwenye ulemavu afike mlangoni na kurudishwa. Mwaka huohuo wa 2010 Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo hatuombi jambo ambalo halijasikika huku wala kule.

La nne ni zito zaidi, na linatoka ndani ya klabu yetu. Wapo wanachama ambao familia zao zilikimbia risasi, Kongo ya mashariki na Burundi, na hawataki kuona bunduki hata ya upepo. Mmoja wetu amelelewa katika nyumba kama hiyo. Kwao tunasema: hamdaiwi maelezo yoyote, na klabu isihesabu kutokwenda kwenu kuwa ni uvivu au woga. Kama klabu ya upinde na mishale ya chuo itakubali kutupokea jioni ileile, iwe hivyo, kila mtu achague mlango wake. Kumkaribisha mtu kwa jinsi alivyo kunahusu pia kile anachokibeba moyoni.

Tumalizie na sisi wenyewe, maana ni rahisi kuwanyooshea kidole wenyeji. Waingereza wengi wakimwona mwenye ulemavu hunyamaza kwa kuogopa kukosea. Watu wa kwetu hufanya kinyume: tunatoa pole. Tunampa pole mtu ambaye hakupatwa na lolote siku ile, aliyekuja tu kujaribu mchezo. Tunakimbilia kusukuma kiti chake bila kumwuliza. Tunasema “hujafa hujaumbika,” methali ya kutuonya tusimcheke mtu, kisha tunaitamka kwa sauti ya kumlilia akiwa anasikia. Mwenzetu mwenye kiti alituambia kwamba benchi la mwaka jana halikumuudhi kama zile pole alizopewa na Waswahili wenzake njiani kurudi bwenini.

Lugha yetu inaweza kutufundisha vizuri zaidi ya hapo. Walimu wetu hutukumbusha kwamba majina kama kipofu, kiziwi na kiwete yana kiambishi kilekile cha kiti na kitabu. Lakini hakuna Mswahili anayesema “kipofu kinalenga”, husema “kipofu analenga.” Umbo la neno limemweka pamoja na vitu, na upatanisho wa sarufi unamrudisha kwa watu. Leo wengi tunasema mtu mwenye ulemavu, na neno “mtu” linatangulia. Kinachobaki ni kuyafanya matendo yetu yafuate sarufi.

Tunapendekeza basi kamati ipige kura ya kushiriki, kwa sharti kwamba mambo manne hapo juu yakubaliwe kwa maandishi kabla ya majina kuanza kuandikishwa. Tunajitolea sisi watatu kukutana na viongozi wa klabu ya shabaha, kubeba meza, kushona mifuko ya mchanga, na kusimama pembeni ya walengaji kuwaambia risasi zimepiga wapi. Tunahitaji wengine watano wa kusaidia. Wenyeji wakikataa, tutajua kwa nini hatuendi, na tutawakaribisha wao kula pilau yetu kama kawaida huku tukiendelea kuwashawishi. Wakikubali, klabu nyingine za chuo zitakazoalikwa baada yetu zitaikuta meza iko tayari. Mwenye hoja tofauti na zetu ailete kwenye kikao, tutaisikiliza.